Folda ya Mama Mkwe

Siku ile Mustapha hakutulia hata kidogo. Akikaa, anasimama, akisimama, anakwenda dirishani, akifika dirishani haangalii nje, anageuka kurudi kwenye kile kisanduku cheusi kilichowekwa juu ya kabati la chuma, anainama na kutega sikio. Kisanduku kilikuwa kikilia. Ka, ka, ka, kinanyamaza, halafu ka, ka, ka tena. Asubuhi umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, kama ulivyozoea kuwafanyia watu wa Dodoma miaka ile, na tangu uliporudi ndipo mlio huo ulipoanza.

"Kihenge kimeingia panya," alisema Anjelina, katibu muhtasi, akiwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Si panya, dada. Diski inakufa."

"Inakufa? Na kazi zetu je?"

Mustapha alitega sikio tena. Kazi za Anjelina zilikuwa salama. Kazi za ofisi nzima zilikuwa salama, isipokuwa za mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye mama mzazi wa mkewe.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, maana mambo ya kompyuta yakisimuliwa mbiombio humwacha mtu njiani. Ofisi yenyewe ilikuwa ya utafiti wa mbegu za mtama na uwele. Ilikuwa ile miaka ambayo mashirika ya umma yaliuzwa moja baada ya jingine, na makampuni ya mbegu kutoka nje yakafungua maduka mjini, yakiuza mahindi ya pakiti zenye picha nzuri kwa watu ambao mvua yao haitoshi hata kuotesha magugu. Kila mkuu wa ofisi ya serikali alilala na hofu ya kuambiwa ofisi yake haina tija. Bwana Sostenes, mkuu wa kituo, aliitibu hofu hiyo kwa usasa. Wafadhili walipoleta kompyuta, pamoja na kisanduku cha kuhifadhi kazi za watu wote mahali pamoja kupitia nyaya, aliamuru kila karatasi ya zamani ichapwe kisha itolewe. "Tumeingia karne mpya," alisema, na asiyependa karne mpya alijua pa kwenda. Makaratasi yakaenda sokoni. Kwa muda mrefu watu wa Majengo walifungiwa karanga kwa vipimo vya mvua vya Mpwapwa.

Kisanduku kile wakakiita Kihenge, kama ghala la mavuno, maana wao ni watu wa nafaka. Ndani yake kila mtafiti alikuwa na folda yake, na Mustapha ndiye aliyekuwa bawabu. Yeye ndiye aliyepanga nani asome tu, nani aandike, nani afute, na nani asitie mguu kabisa. Jina lake peke yake ndilo lililoingia kila mahali bila kupiga hodi. Kazi hiyo aliipenda. Kijana aliyetoka vilimani Kondoa, akaenda kozi Arusha, akarudi na ufunguo wa kila mlango, mtu kama huyo utamlaumu vipi akitembea kifua mbele?

Kisha akaoa. Alimwoa Ikram, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Bi Batuli, na Bi Batuli ndiye mtafiti mwandamizi wa ofisi ileile. Nao walikuwa watu wa Kondoa. Kwa kina Mustapha, mkwe wa kike si mtu wa kuzoeana naye. Humtazami usoni, huli naye sahani moja, ukikutana naye njiani unampisha, na chumba chake hukikanyagi hata kama umeambiwa ndani kuna dhahabu. Pale ofisini wakawa wanasemeshana kupitia Anjelina.

"Anjelina, hebu muulize mwanangu kama printa imepona," Bi Batuli alikuwa akisema, ilhali Mustapha amesimama palepale na nyaya mkononi.

"Dada Anjelina, mwambie mama imepona."

"Mimi Mgogo wa watu mmenifanya nguzo ya simu," Anjelina alilalamika, lakini alifikisha.

Aliporudi kazini baada ya fungate, Mustapha aliifungua orodha ya ruhusa za Kihenge kwa jambo jingine kabisa, macho yake yakaangukia folda ya Bi Batuli. Walioruhusiwa walikuwa wawili: mwenyewe, na yeye Mustapha. Damu ikampanda usoni. Aliona kama amefumaniwa chumbani kwa mkwe wake. Hakuomba ushauri wa mtu. Alilifuta jina lake pale, akabakiza la mama peke yake, na jioni ile alikwenda nyumbani moyo mweupe, akala vizuri kuliko siku zote. Ndiyo heshima hiyo. Wazazi wake wangejua wangemchinjia mbuzi.

Sasa, kila Ijumaa baada ya swala, kompyuta kuukuu iliyokuwa chini ya meza yake ilinakili kila kilichomo Kihengeni, ili siku kisanduku kikiharibika pawe na akiba. Kompyuta hiyo ilikuwa ikiingia kwa jina la Mustapha. Ikifika kwenye folda ya Bi Batuli, inakataliwa. Ikikataliwa, inairuka na kuendelea, na mwishoni inaandika kwamba kuna folda moja haikuweza kuisoma. Mstari huo Mustapha aliuona. Aliuona wiki ya kwanza akasema nitaunda jina jingine lisilo la mtu, jina la kunakili tu, liingie lenyewe bila kumvunjia mama heshima. Dawa ilikuwa hiyo hasa, na haikuwa kazi ya asubuhi nzima. Wiki ya pili akasema kesho. Baadaye akawa anaupita tu mstari ule kama anavyoupita mlango wa mkwe, macho chini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nasi tunaijua methali hiyo tangu utotoni, na bado tunangoja.

Na ndani ya folda ile mlikuwa na nini? Mlikuwa na umri wa Bi Batuli. Miaka yote tangu alipokuwa msichana wa baiskeli na kofia ya pama, aliwazungukia vikongwe wa Kondoa na Mpwapwa, wale wanaotunza mbegu jikoni juu ya moshi, akawauliza kila mtama unaitwaje, unapandwa mvua ya namna gani, unapikwa vipi, ndege gani anaukimbia; na madaftari yake nayo yalichapwa, kisha yakaenda sokoni na makaratasi mengine. Vikongwe walimwambia yeye, si mwanamume yeyote aliyevaa suruali ya serikali. Vikongwe hao walikuwa wakifa mmoja mmoja. Wa mwisho, Bi Tabu wa Gulwe, alizikwa juzi yake, na Bi Batuli alipanda treni kwenda matangani.

Ndiyo maana Mustapha hakuweza kukaa.

Bwana Sostenes alikuja mwenyewe, tai imelegezwa kwa joto. "Musta, nasikia Kihenge kinaumwa. Nakala si unazo?"

"Ninazo, mzee. Zote isipokuwa za Mama Ikram."

"Za Mama Ikram? Mwezi ujao kamati ya mbegu inakuja kumsikiliza Mama Ikram! Sisi wengine hapa tunasindikiza tu. Kwa nini zake?"

Mustapha alieleza. Alieleza huku anatazama viatu vyake, na jinsi alivyoeleza ndivyo alivyosikia maneno yake yakipungua uzito. Kule mezani kwake siku ile yalikuwa heshima; hapa mbele ya bosi yalikuwa uzembe mtupu.

"Kijana," alisema Sostenes, "hata kwetu mkwe ni mkwe. Lakini mashine ni mashine. Ingia utoe."

"Nimejitoa, mzee. Sina ruhusa."

"Nani anatoa ruhusa?"

"Mimi."

Sostenes alimtazama kama mtu anayetafuta kucheka na kicheko hakiji. "Basi jipe," alisema, akaenda zake.

Kujipa ruhusa, hapo ndipo penye mwiba. Kwa kuwa alijifuta kabisa, Kihenge hakikumkubali hata abadilishe orodha ya walioruhusiwa. Ilibaki njia moja: kujitangaza kuwa mwenye folda. Si mgeni, si msomaji, mwenyewe. Aondoe jina la mama mkwe wake kwenye mali yake, aweke lake. Mustapha aliwaza afanye hivyo, mkono ukakataa. Akaona heri Bi Batuli mwenyewe apatikane, atoe neno lake la siri kwa hiari, mambo yaishe kwa adabu.

Akachukua baiskeli ya ofisi hadi stesheni. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa hazijafika Gulwe, lakini simu ya reli ilifika, na mtu wa chumba cha simu alikuwa jirani yake. Waliita Gulwe wakaita. Vumbi la Dodoma lilikuwa likizunguka uwanjani, Mustapha anatembea kutoka mlangoni hadi kwenye benchi na kurudi, abiria wanamtazama kama mtu aliyeibiwa. Mwishowe sauti ya mbali ikajibu.

"Mama wa mbegu? Yuko matangani kijijini, huko hakuna chombo. Nimtumie mtu?"

"Mtume. Amwambie atoe neno lake la siri la kompyuta, ulipokee, utusomee."

Sauti ya mbali ikasema, "Bwana, nitume mtu katikati ya msiba akamwambie mama mzima ataje siri yake, mimi niipige kelele kwenye simu ya reli, wasikie Zuzu, wasikie hadi Kilosa?"

Mustapha alirudisha mkono wa simu mahali pake. Mtu wa Gulwe alisema kweli. Alipanda baiskeli, na badala ya kurudi ofisini moja kwa moja akakata kona kwenda shuleni kwa mkewe. Alijua kila dakika inamwibia, na bado alikata kona.

Ikram alitoka darasani na chaki mkononi. Alimsikiliza mumewe hadi mwisho bila kumkatiza.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Mimi mtoto wake. Hata mkoba wake siufungui."

"Basi nifanye nini, Ikram? Kinakufa kile. Ukisikia kinavyolia!"

Ikram alikuna chaki kwa ukucha. Alimwonea huruma mumewe, na alimwogopa mama yake, na alikuwa na watoto sabini nyuma yake wameanza kurushiana vifutio. "Ingia," alisema. "Lakini usisome. Mama ana mambo yake humo, ya vikongwe, walimwambia kwa siri. Utoe tu, usisome."

"Sitasoma."

"Niapie."

Akaapa, palepale kwenye mlango wa darasa la nne.

Aliporudi, mlio ulikuwa umebadilika. Ilikuwa ka, kimya kirefu, ka. Anjelina alikuwa amekaa mbele ya kisanduku anakipepea kwa jalada, maskini, kama anampepea mgonjwa wa homa. Mustapha alimwomba ampishe na afunge mlango. Akaiendea folda. Mashine ikamuuliza kwa Kiingereza chake kikavu kama kweli anataka kuwa mwenye hii. Mustapha alisema astaghfirullah, akabonyeza ndiyo.

Ikafunguka. Majina ya mafaili yakajipanga mbele yake, na kabla hajageuza macho akawa ameshaona mawili matatu: majina ya wanawake, majina ya vijiji. Akaagiza vyote vinakiliwe kwenye kompyuta ya chini ya meza, na mara vikaanza kupita kiooni, jina baada ya jina, kila jina na maneno yake. Kiapo alikuwa nacho mdomoni bado. Basi akafanya alilofanya: alikishika kioo kile, vile vioo vya zamani vyenye mgongo mkubwa, akakigeuzia ukutani. Kisha akavuta kiti, akakaa amekipa mgongo, akikabili dirisha.

Nje upepo ulikuwa unavuta mifuko ya nailoni na kuitundika kwenye michongoma. Mustapha alihesabu tasbihi kwa vidole, akapoteza hesabu, akaanza upya. Alisimama, akakaa. Alitamani kugeuka, akajikemea: mwanamume gani wewe, umeapa, subiri. Nyuma yake mlio ulikuwa unaendelea, na kila ka aliihesabia neno moja lililookolewa. Alikuwa karibu na furaha. Aliwaza namna Anjelina atakavyompelekea mama habari: mwanao ameingia, ametoa kila kitu, na hakutazama. Aliwaza namna mama atakavyoinamisha kichwa na kusema, huyo kweli katoka nyumba ya watu.

Kisha kukawa kimya.

Alingoja kidogo, asije akaharakisha. Kimya kile kilikuwa kizuri. "Alhamdulillahi," alisema kwa sauti, akainuka, akakigeuza kioo.

Katikati ya kioo palikuwa na swali. Faili moja lilishindwa kusomeka; je, aliruke na kuendelea, au aache? Mashine ilikuwa imeuliza swali hilo mwanzoni kabisa, mara tu alipoipa mgongo, na tangu hapo ilikuwa imesimama kwa adabu zake ikimngoja mwenye mamlaka ajibu. Muda wote ule Kihenge kilikuwa kinakata roho bure. Mustapha alibonyeza endelea. Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa ngumi. Kisanduku hakikulia tena, wala siku ile, wala siku nyingine, hata kilipopelekwa Dar es Salaam kwa mafundi waliosoma kuliko yeye.

Kilichokuwa kimevuka ni barua za kuomba likizo.

Bi Batuli alirudi na treni, khanga ya msiba begani na vumbi la Gulwe miguuni, mkononi ameshika mashuke ya mtama yaliyofungwa kwa kamba. Habari alishazipata nyumbani kwa binti yake, ambaye alilia zaidi kuliko alivyoeleza. Alipoingia ofisini Mustapha alisimama ukutani kama mshtakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Batuli aliweka mashuke yake mezani. "Anjelina, hebu muulize mwanangu..." Akaishia hapo. Alimtazama Anjelina, akatikisa kichwa. "Mwanangu, tutoe mtu wa katikati leo, amechoka. Ni kweli ulijifungia nje mwenyewe?"

"Ni kweli, mama. Nilikiona kama chumba chako."

"Na nakala hazikuchukuliwa tangu hapo."

"Hazikuchukuliwa."

"Ulijua?"

Mustapha alitaka kusema hapana. Midomo ilikwisha kujipanga kabisa. "Nilijua, mama," alisema. "Nilikuwa nasema kesho."

Bi Batuli alikaa kwenye kiti cha Anjelina, taratibu, akijishika goti. Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, Mustapha angekuwa na kitu cha kuinamia.

"Na siku ile ulipoingia. Mafaili yalikuwa yamefunguka mbele yako?"

"Yalifunguka."

"Ulisoma?"

Na hapo, Mungu amsamehe, Mustapha aliinua kichwa. Katika aibu yake yote alikuwa amebakiwa na jambo hili moja la kumpa mama mkwe wake, safi, lisilo na doa, naye alilitoa kwa mikono miwili. "Wallahi, mama, sikusoma hata neno moja. Nilikigeuzia kioo ukutani."

Bi Batuli alimtazama. Hakuwahi kumtazama usoni tangu siku ya posa, na sasa alimtazama kwa muda mrefu, macho yake yamejaa.

"Ungesoma, baba," alisema, "leo tungekuwa wawili wa kukumbuka."

Anjelina alitoka nje upesi na mkono mdomoni. Bi Batuli alijifuta kwa pindo la khanga, akavuta kiti kingine hadi kikagusana na chake, akakipiga kwa kiganja. Mustapha alikaa. Bega lake lilikuwa limegusana na la mkwe wake, na hakuna aliyelisogeza.

"Chukua kalamu," alisema Bi Batuli. "Tuanze na marehemu, nimetoka kwake. Bi Tabu, Gulwe. Mtama mwekundu, mfupi, yeye aliuita Mchoyo kwa kuwa hauwapi ndege kitu. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Wa pili ni mweupe, Ngojea Mvua. Huo hulazwa kwanza kwenye jivu la..." Alisimama. Alifumba macho, akayafumbua. Akachukua shuke moja kutoka mezani, akaligeuzageuza, akapukuta punje chache kwenye kiganja na kuzinusa. "Jivu la mti alionionyesha. Ulikuwa nyuma ya jiko lake. Tulikwenda pamoja, akanikatia tawi, akaniambia bila jivu hilo hauoti, watu wote wanakosea hapo. Mti gani ule?"

Alimgeukia Mustapha, akamngoja. Mustapha alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, na hakuwa na la kumwambia.